Kazi ya Kikundi kwa Wanafunzi wa Masafa: Namna ya Kuipanga na Kuiendesha kwa Simu na Mtandao

Mwanafunzi wa elimu masafa wa Kanda ya Kati kwa kawaida ni mtu mzima mwenye kazi na familia. Ni mwalimu wa shule ya msingi Chemba, mtendaji wa kata Manyoni, muuguzi wa zahanati Mpwapwa au karani wa halmashauri Bahi, na husoma usiku baada ya watoto kulala. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, na baadaye Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa Sheria ya Bunge Namba 17 ya mwaka 1992, zimemhudumia mtu wa namna hiyo kwa miongo kadhaa. Kwa miaka mingi alisoma peke yake, akajibu mazoezi peke yake, na kukutana na wenzake siku chache za ana kwa ana au mlangoni mwa chumba cha mtihani. Leo simu iliyo mfukoni mwake inaweza kumkutanisha nao kila jioni, na ndiyo maana wakufunzi wengi tumeanza kutoa kazi za vikundi.

Nimesimamia vikundi vya aina hiyo nikiwa Dodoma kwa muda wa kutosha kuviona vingi vikifa kabla ya wiki ya tatu. Mara ya kwanza nilifungua kundi la WhatsApp, nikawaingiza wanafunzi wote wa somo, nikabandika swali na kuandika "jadilianeni." Siku ya kwanza zilikuja salamu, siku zilizofuata zikaja dua na matangazo ya biashara, na siku ya kuwasilisha nikapokea kazi iliyoandikwa na watu wawili huku juu yake yakiwa yamepangwa majina kumi na mawili. Nilikuwa nimewapa mahali pa kukaa, nikasahau kuwapa kazi. Maelezo yanayofuata yametokana na kujisahihisha tangu siku ile, na yote yanasimama juu ya msimamo mmoja: kazi ya kikundi ipangwe kwa kumfikiria mwanakikundi mwenye mtandao dhaifu kuliko wote, na umbali uliopo kati ya wanafunzi uhesabiwe kuwa mali ya kikundi.

Anza na kazi yenyewe

Kabla ya kuchagua programu yoyote, mkufunzi ajiulize kama kazi aliyoiandaa inahitaji watu zaidi ya mmoja. Swali kama "Eleza sababu tano za kupanda kwa bei ya mahindi" linaweza kujibiwa na mtu mmoja kwa usiku mmoja, na likipelekwa kwenye kikundi litajibiwa na huyo huyo mmoja kwa usiku huo huo mmoja, kisha wenzake waongeze majina. Nilipolibadilisha swali hilo, mwenendo wa wanafunzi nao ulibadilika. Kila mwanakikundi alitakiwa kwenda kwenye soko lililo karibu naye katika siku mbili zilizopangwa, aulize bei ya mahindi kwa wauzaji watatu, na aingize alichokipata katika jedwali moja la pamoja. Kikundi kingelinganisha Kibaigwa, Majengo mjini Dodoma, Manyoni, Kondoa na Mpwapwa, na kueleza tofauti zilizoonekana. Hakuna aliyeweza kuwa katika masoko matano siku moja, kwa hiyo kila mmoja aliwahitaji wenzake wanne, na kule kutawanyika ambako tumezoea kukulalamikia kukawa ndiko kulikoiwezesha kazi.

Mjadala mzuri kuliko yote niliyowahi kuisoma katika kikundi ulianzia kwenye safu ya tatu ya jedwali hilo. Mmoja alikuwa ameandika bei ya debe, mwingine bei ya gunia, wa tatu bei ya sado, yaani lile kopo la rangi la lita nne linalotumika kupimia nafaka sokoni, na aliyekwenda Kibaigwa aliandika bei ya kilo kwa sababu muuzaji aliyemkuta alikuwa anapima kwa mizani. Bei hizo hazikuweza kulinganishwa hata kidogo. Ikabidi waulizane: gunia lile lilikuwa la kilo mia moja au lilikuwa lumbesa, yaani lililojazwa kupita kipimo? Debe lilisawazishwa mdomoni, au lilijazwa mpaka likafanya kilele? Mwanafunzi wa Manyoni alirudi sokoni, akanunua debe lake, akaomba lipimwe kwenye mizani ya duka la jirani, kisha akatuma picha ya mizani ikionyesha uzito. Siku tatu za mabishano hayo ziliwafunza maana ya kipimo sanifu kuliko kurasa zote nilizoandika mimi juu ya mada hiyo, na teknolojia iliyohitajika ilikuwa jedwali moja ambalo wote watano waliliona na wote watano waliweza kulijaza.

Somo lolote linaweza kupangwa hivyo. Walimu watano wanaweza kufundisha mada moja ya hisabati, ile ya sehemu, katika shule tano na kulinganisha makosa ya wanafunzi wao. Maofisa maendeleo ya jamii wanaweza kueleza namna vikundi vya kuweka na kukopa vinavyoendeshwa katika kata zao. Pale ambapo somo ni la nadharia tupu, gawanya vyanzo: kila mmoja apewe makala ambayo wenzake hawana, aifahamu, aifundishe kikundi, na swali la mwisho lisijibike bila makala zote. Mbinu hiyo ya kumpa kila mtu kipande chake ilibuniwa mwaka 1971 na mwanasaikolojia wa Marekani, Elliot Aronson, katika shule za Austin, Texas, ambako watoto wa rangi tofauti walikuwa wamewekwa darasa moja bila kuaminiana, na ilisaidia kwa sababu ilimfanya kila mtoto kuwa na kitu ambacho wenzake walikihitaji. Mwanafunzi wa masafa ambaye hajawahi kuwaona wenzake kwa macho yuko katika hali inayofanana na hiyo.

Tarehe nazo ni sehemu ya kazi. Mvua za Dodoma na Singida ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na wanafunzi wetu wengi wana mashamba. Kazi kubwa ya kikundi ikiwekwa katika wiki za kupanda itasubiri shamba limalizike. Walimu wa shule za msingi huelemewa mwanzoni mwa Septemba kwa mtihani wa darasa la saba, na wa sekondari mwezi Novemba kwa mtihani wa kidato cha nne. Uliza kwanza, panga baadaye.

Watu wangapi, na nani afanye nini

Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Maximilien Ringelmann, aliwapa watu kamba waivute, mmoja mmoja kisha kwa makundi, na mwaka 1913 akachapisha alichokiona: kadiri wavutaji walivyoongezeka ndivyo kila mmoja alivyotoa nguvu ndogo zaidi, na walipofika wanane kila mmoja alikuwa anatoa karibu nusu tu ya nguvu aliyoitoa alipovuta peke yake. Sehemu ya upungufu huo ilitokana na kutovuta kwa wakati mmoja, na sehemu nyingine ni kile ambacho sisi tunakiita kutegea. Yote mawili yapo katika kikundi cha masafa, tena kwa ukubwa zaidi, kwa kuwa anayetegea haonekani.

Kwa hiyo kikundi kiwe na watu wanne au watano. Watatu ni wachache, kwani mmoja akipata msiba na mwingine akasafiri kikazi hakuna kikundi tena. Kuanzia sita na kuendelea, daima yupo anayesubiri wengine waanze. Mkufunzi avipange vikundi mwenyewe akiangalia mahali watu walipo na vifaa walivyonavyo, kwa sababu wanafunzi wakiachiwa kuchaguana, wa mjini watajikusanya pamoja na wa vijijini watabaki na kikundi kisicho na kompyuta hata moja. Kila kikundi kipate angalau mtu mmoja mwenye kompyuta mpakato au anayeweza kufika kwa urahisi kwenye kituo cha chuo cha mkoa.

Majukumu matatu yanatosha. Mratibu hukumbusha tarehe na kuhakikisha kila mtu ana sehemu yake; katibu huandika maamuzi na kuyatuma siku hiyo hiyo; mhariri huunganisha maandishi na kusawazisha lugha. Majukumu yazunguke kila kazi mpya. Nasisitiza hilo la kuzunguka, kwani nimeona mara nyingi mwanamke aliyechaguliwa kuwa katibu mwezi wa kwanza akibaki katibu mpaka mwisho wa mwaka, akiandika mawazo ya wengine na kukosa nafasi ya kutoa ya kwake.

Pima uwezo wa mtandao kabla ya kugawa kazi

Wiki ya kwanza mpigie au mwandikie kila mwanafunzi ujue mambo manne: anatumia kifaa gani, anapata mtandao wapi na saa ngapi, bando lake la wiki ni la kiasi gani, na simu yake anaichaji wapi. Majibu yatakushangaza. Walimu wengi wa shule za umma wanavyo vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 na baadaye kugawiwa kwao, na kishikwambi kina kioo kikubwa kinachofaa kusoma na kuandika kuliko simu. Lakini wengine hawajawahi kukitumia kwa masomo yao wenyewe kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha kwamba inawezekana.

Mwanafunzi mmoja, mwalimu katika kijiji cha Bahi, alinieleza kwamba nyumbani kwake hakuna mtandao kabisa, ila nyuma ya nyumba za walimu kuna kichuguu, na akipanda juu yake saa kumi na mbili jioni anapata mnara. Kikundi chake kilikuwa kinakutana kwa mkutano wa video saa tatu usiku. Kwa wiki mbili wenzake walimhesabu kuwa mtoro. Tulipolifahamu jambo hilo tulibadilisha utaratibu: yeye alirekodi mchango wake kwa sauti akiwa nyumbani, ujumbe ukakaa ndani ya simu ukisubiri, na alipopanda kichuguu ukatoka wenyewe huku ule wa wenzake ukiingia, akasikiliza akiwa anarudi, akajibu kesho yake. Mchango wake ulikuwa miongoni mwa mizuri zaidi ya kikundi, kwa sababu alikuwa na siku nzima ya kufikiri kabla ya kujibu.

Kutokana na hilo nimejiwekea kanuni: jambo la lazima lisifanyike kwa njia inayowataka watu wote wawe mtandaoni kwa wakati mmoja. Mkutano wa moja kwa moja uwepo, lakini asiyeweza kuhudhuria asipoteze chochote cha msingi. Kikundi kijipe muda wa saa arobaini na nane kwa kila jibu, na mwenye kuishi mbali na mnara apange safari yake ya siku ya mnada au gulio, anapokwenda mahali penye umeme na mtandao, iwe ndiyo siku ya kupakua na kupakia.

Kila chombo na kazi yake

Vikundi vingi huchanganyikiwa kwa sababu jambo moja linasemwa mahali pengi: nusu ya uamuzi uko WhatsApp, nusu nyingine kwenye barua pepe, na rasimu iko katika simu ya mtu ambaye hapatikani. Dawa yake ni kukubaliana siku ya kwanza kwamba kila chombo kina kazi moja.

WhatsApp iwe ya taarifa fupi, maswali ya haraka na ujumbe wa sauti. Tayari iko kwenye simu za karibu wanafunzi wote, hukubali mtandao dhaifu, na ujumbe wa sauti wa dakika moja hula bando kidogo mno ukilinganisha na mkutano wa picha, ambao kwa saa moja unaweza kumaliza mamia ya megabaiti. Udhaifu wake ni kwamba mambo muhimu huzama chini ya mazungumzo. Katibu atumie nafasi ya maelezo ya kundi kuandika swali la kazi, tarehe na kiungo cha hati ya pamoja, na ujumbe wenye maamuzi aubandike juu ya kundi ili anayeingia baada ya siku tatu aukute bila kusoma salamu zote. Ujumbe wa sauti usizidi dakika mbili, na uanze kwa kutaja unahusu nini. Kura ya WhatsApp inafaa kuchagua siku au mada ndogo, kwa kuwa hata mtu mkimya hubonyeza.

Jukwaa la masomo la chuo, ambalo kwa vyuo vingi nchini ni Moodle, liwe mahali pa kumbukumbu rasmi: maelekezo ya kazi, mijadala inayopewa alama na kuwasilisha. Wanafunzi hulikwepa wakiliona kuwa gumu, nami huwaeleza habari ya mwanzilishi wake. Martin Dougiamas, aliyeitoa Moodle kwa mara ya kwanza mwaka 2002, alikulia katika nyika ya jangwa la Australia Magharibi na akiwa mtoto alisomeshwa kwa redio, kwa hiyo programu hii ilitengenezwa na mtu aliyeujua umbali kwa kuuishi. Kwa mkufunzi, kipengele cha kukitumia ni cha vikundi: unaweza kugawa darasa ili kila kikundi kione mjadala wake peke yake, au kione wa wengine bila kuandika humo. Mimi huanza na faragha, kisha katikati ya kazi nafungua ili vikundi visomane. Programu ya Moodle ya simu humruhusu mwanafunzi kupakua somo akiwa na mtandao na kulisoma baadaye bila mtandao, na somo la kwanza la muhula liwe ni kuhakikisha kila mmoja ameipakua na anakumbuka nywila yake.

Hati na majedwali ya pamoja, kama Google Docs na Google Sheets, ni mahali pa kuandikia. Hapa ndipo nataka kukaa kidogo.

Kuandika pamoja bila kuharibiana

Kikundi kisicho na hati ya pamoja hutumiana faili, na baada ya wiki moja huwa na "kazi yetu," "kazi yetu mpya," "kazi yetu ya mwisho" na "ya mwisho kabisa," kila moja ikiwa na kitu ambacho nyingine haina. Kikundi kimoja nilichokisimamia kiliwasilisha faili lisilo na sehemu ya mwanafunzi wa Kondoa, aliyekuwa ameifanyia kazi majuma mawili, kwa sababu mhariri alifungua toleo la zamani. Kazi ilisahihishwa upya, lakini yule mwanafunzi hakuwaamini wenzake tena muhula mzima.

Mratibu afungue hati moja, aipe jina lenye namba ya kikundi na kichwa cha kazi, awape wenzake wote na mkufunzi ruhusa ya kuhariri, na kiungo akiweke kwenye maelezo ya kundi. Ukurasa wa kwanza uandikwe swali kamili, majina, na mbele ya kila jina sehemu aliyopewa na tarehe ya rasimu ya kwanza. Chini yake viwekwe vichwa vya sehemu zote hata kabla hazijaandikwa, ili kila mtu aone pengo lake. Kila mmoja, akiwa na mtandao, aingie kwenye programu ya simu na kuiwekea hati hiyo alama ya kutumika bila mtandao. Ataandika nyumbani, na maandishi yataungana na ya wenzake mtandao utakaporudi. Kwa sababu hiyo hiyo, watu wawili wasiandike aya moja wakati mmoja: kila mmoja akae kwenye kichwa chake mpaka mhariri atakapotangaza kwamba sasa zinasomwa zote.

Hati ya pamoja hutunza historia ya matoleo, yaani nani aliandika nini na lini, na kilichofutwa kwa bahati mbaya kinarudishwa. Wanafunzi waonyeshwe kipengele hicho kabla ya kazi kuanza. Anayejua kwamba hakuna kinachopotea huacha kuogopa kugusa maandishi, na uoga huo ni mkubwa kuliko tunavyodhani kwa mtu aliyejifunza kutumia kompyuta ukubwani.

Lipo jambo lingine ambalo sijaliona likielezwa ipasavyo, nalo ni heshima ya umri. Katika kikundi cha watu watano anaweza kuwemo mwalimu mkuu wa miaka hamsini na tatu na kijana aliyeajiriwa mwaka jana, na kijana huyo hata akiona kosa wazi katika maandishi ya mzee hatalifuta, wala hatalitaja mbele ya kundi. Kumwambia "kuwa huru" hakumsaidii. Kinachomsaidia ni kipengele cha maoni pembeni ya hati, pamoja na utaratibu kwamba maoni yote yaandikwe kwa namna ya swali na kwamba kila mmoja, mzee na kijana, ni lazima aweke maoni mawili kwenye sehemu ya jirani yake. Siku moja nilikuta pembeni ya aya ya mwalimu mkuu pameandikwa: "Shikamoo mwalimu. Naomba kueleweshwa, bei hii ni ya mwezi wa sita au wa saba? Kwenye jedwali naona wa saba." Chini yake mwalimu akajibu: "Marahaba mwanangu. Umeona vema, ni wa saba, nimesharekebisha." Kosa lilisahihishwa na hakuna aliyevunjiwa heshima. Kama utaratibu haukuwepo, bei ile ingebaki hivyo hivyo mpaka kwangu.

Mkutano wa moja kwa moja

Mikutano miwili au mitatu inatosha kwa kazi ya wiki sita: wa kufahamiana na kugawana kazi, wa katikati, na wa kuisoma rasimu yote. Zoom, programu ya mikutano ya video, kwa akaunti ya bure hukatika baada ya dakika 40, na muda huo ni mzuri ukijua utakachokijadili. Katibu atume ajenda siku moja kabla, isizidi mambo matatu. Kamera ziwashwe dakika za mwanzo ili watu waonane nyuso, kisha zizimwe na mazungumzo yaendelee kwa sauti tupu. Mratibu awaite watu kwa majina mmoja mmoja, akianza na asiyezungumza sana, kwa kuwa kwenye mtandao ukimya haujulikani kama ni wa kukubali, wa kukataa au wa bando kuisha. Baada ya kikao, katibu aandike maamuzi kwa mistari michache:

"Habari za jioni ndugu zangu. Tumekubaliana yafuatayo: 1) Vipimo vyote tunavigeuza kuwa kilo. 2) Dada wa Mpwapwa anarudi sokoni Jumamosi. 3) Rasimu zote ziwe kwenye hati Jumanne saa mbili usiku. Ambaye hakuwepo, naomba aseme hapa kama kuna asilokubaliana nalo kabla ya Jumapili."

Panga pia siku ya mtandao kukosekana. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikazorota nchini kwa siku kadhaa. Kila kikundi kiwe na orodha ya namba za simu iliyoandikwa kwenye karatasi, kijue kuunganisha watu kadhaa katika simu ya kawaida, na kikubaliane kwamba mtandao ukikatika, ujumbe mfupi wa maandishi ndio njia rasmi. Mkufunzi naye atangaze mapema kwamba katika hali hiyo tarehe ya kuwasilisha inasogezwa kwa wote, ili pasiwe na mtu wa kupanda bodaboda usiku kutafuta mnara.

Anayetegea, na namna ya kutoa alama

Alama moja kwa wote ndiyo inayozaa wategeaji, na pia ndiyo inayowachosha wanaojituma. Mimi hugawa alama mara tatu: sehemu kubwa kwa kazi ya pamoja, sehemu kwa kipande cha kila mmoja kama kinavyoonekana kwenye historia ya hati, na sehemu kwa mahojiano mafupi ya simu. Historia ya hati isitumike peke yake kama hakimu. Yupo anayeandika kwenye daftari akampa mwenzake mwenye kompyuta amchapie, na kwa mashine ataonekana hakufanya kitu. Ndiyo maana nawataka wanafunzi hao wapige picha kurasa za daftari na kuziweka mwishoni mwa hati.

Mahojiano huchukua dakika tano kwa mtu. Nampigia mwanafunzi na kumuuliza juu ya sehemu ya mwenzake, siyo yake: kwa nini bei ya Kondoa ilitofautiana na ya Kibaigwa, nani aliipata na kwa njia gani. Aliyeshiriki hujibu bila kufungua karatasi. Njia hii imekuwa ya lazima zaidi sasa ambapo programu za akili unde zinaweza kuandika insha nzima kwa sekunde chache. Siwakatazi wanafunzi kuzitumia kusahihisha lugha au kupata mawazo ya kuanzia, mradi waseme walizitumia wapi, lakini hakuna programu iliyokwenda kwenye soko la Manyoni kupima debe, na mwanafunzi aliyekwenda huzungumza kwa namna nyingine kabisa.

Mtu akikaa kimya siku nne, mratibu ampigie simu faragha kabla ya kulitaja jina lake kwenye kundi. Mara nyingi utakuta kuna mgonjwa, msiba, au simu imeuzwa kulipa ada. Akipatikana, apewe sehemu ndogo anayoiweza kwa hali aliyonayo. Akikaa kimya wiki nzima baada ya hapo, mkufunzi aarifiwe na kikundi kiendelee bila kumsubiri.

Faragha

Orodha ya namba, picha za wauzaji na rekodi za mazungumzo ni taarifa za watu, na nchini petu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Omba ruhusa kabla ya kurekodi kikao, usiandike majina ya wauzaji kwenye jedwali, na usifungue hati kwa kila mwenye kiungo. Mwanafunzi wa kike asiyependa namba yake ionekane kwa watu asiowafahamu apewe nafasi ya kushiriki kupitia jukwaa la chuo, wala asitakiwe kueleza sababu.

Kazi inapokwisha

Baada ya kusahihisha, maoni yapelekwe kwa kikundi kizima ndani ya hati ile ile, pembeni ya sentensi zinazohusika, na kundi la WhatsApp lifungwe kwa tarehe iliyotangazwa ili simu za watu zipumzike. Hati ihifadhiwe kama faili kwenye jukwaa la chuo, kwa kuwa akaunti ya mratibu inaweza kufungwa na kazi yote ikaenda nayo. Jedwali la bei za mahindi mimi silifuti: kundi la mwaka unaofuata hulikuta likiwa na safu za mwaka uliopita, vipimo vyote vikiwa vimegeuzwa kuwa kilo, pamoja na maelezo mafupi ya namna debe la kila soko linavyojazwa, nao huongeza safu zao kuanzia hapo.